Nywele za Baronne

12 Septemba

Mvua ya kwanza ya msimu imeshuka leo, na daftari hili nimelianza leo. Ni kwa ajili ya farasi tu. Chama cha wafugaji wa maziwa kimetangaza kwamba foire, maonyesho ya mifugo, inarudi mwaka huu, Mushaki, tarehe 22 Novemba, na safari hii kutakuwa na shindano la farasi. Si mbio. Wataangalia ni farasi gani aliyetunzwa na kupambwa kuliko wenzake, na zawadi ni tandiko jipya la ngozi. Nitaandika kila ninachomfanyia Baronne ili nisirudie kosa moja mara mbili.

Baronne ni jike la kahawia lenye doa jeupe usoni. Alikuwa wa kaka yangu mkubwa, Karangwa, aliyetutoka mwezi wa Aprili kwa homa. Tangu tumzike, mimi ndiye ninayempanda kwenda kuangalia ng'ombe, na watu wa barabarani, waliozoea kuniita Papa Trésor kwa jina la mwanangu, wameanza kuniita Papa wa Farasi. Siwakatazi.

14 Septemba, Jumapili

Leo nimeaibika. Nilikuwa nimemfunga Baronne kwenye mkaratusi mbele ya kanisa. Misa ilipokwisha, Papa Magloire, jirani yetu anayelima maharage chini ya kilima, alisimama mbele yake na kumtazama kwa muda, mikono nyuma. Kisha akasema, watu wote wakisikia:

"Papa Trésor, hii farasi yako iko na kichwa ya muntu mwenye iko mu matanga."

Wakacheka. Kwetu mtu akiambiwa hivyo anaelewa. Wafiwa hawachani nywele, hawasuki, hawanyoi, mpaka siku ukoo unapoondoa matanga. Siku hiyo ndugu wa marehemu anashika wembe, ananyoa kichwa cha mjane na vya watoto wake, nao wanarudi katikati ya watu. Ni kweli nywele za shingo za Baronne zimekuwa vurugu. Nusu zinaangukia kulia, nusu kushoto, na katikati zimesokotana na vijiti na mbegu za majani. Karangwa hakuwa akizichana. Yeye alizishika tu kwa mkono wa kushoto akajirusha juu.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma nisionekane. Farasi mzuri hivi, na anayempanda anachekwa mbele ya kanisa. Haitatokea tena.

17 Septemba

Kuchana, asubuhi nzima. Kitana cha Emérita kimevunjika. Emérita ni mke wangu. Alikiokota, akakitazama, akasema, "Mzoea punda hapandi farasi," akaenda kukamua.

20 Septemba

Mvua tu.

23 Septemba

Swali ni hili: zikatwe zote, ziachwe zilivyo, au zisukwe?

Papa Magloire anasema zikatwe. Ujanani mwake alifanya kazi kwenye shamba la mzungu, enzi ambazo farasi walikuwa wengi kwenye vilima hivi. "Kule tulikuwaka tunakata yote, inabaki kama brosi. Njo unaona shingo." Akanionyesha kwa kiganja chake mstari wa shingo, na kweli Baronne ana shingo ya kujivunia. Lakini nywele zikikatwa hazirudi kabla ya mwaka kwisha. Je, wakimpenda mwingine mwenye nywele ndefu?

Kuziacha zilale upande mmoja ni kuzuri pia, ila lazima zifundishwe, maana za Baronne ni kaidi. Zinalowanishwa kila jioni, zinafungwa upande wa kulia, asubuhi zinafunguliwa.

Kwenye simu nimeona farasi wa Ulaya. Wamesukwa vifundo vidogo vidogo vilivyopangwa shingoni kama maharage kwenye ganda lake. Nimeitazama ile picha mpaka betri ikaisha.

28 Septemba, Jumapili

Natacha amekuja kutoka juu. Ni binti ya Karangwa, ana miaka kumi na sita, mtoto pekee. Mama yake, Kanyange, hawezi kuja mwenyewe. Mjane aliye matangani haingii nyumba za watu, hauzi maziwa barabarani, haimbi kwaya, na hatoi mkono kusalimia mtu. Watoto wa marehemu wanatembea, ila nao hawatoi mkono. Maziwa yake yanabebwa na Emérita pamoja na yetu.

"Papa mudogo, mama anauliza siku."

Nikamwambia baba yetu mkubwa wa Bweremana ana mguu mbaya, na bila yeye hatuwezi kuondoa matanga. Ni kweli, ana mguu mbaya. Natacha akasema sawa. Alikuwa amevaa kitambaa kichwani, na alipogeuka kupanda kilima nikaona nywele zimechomoza nyuma ya shingo, zimekuwa vifundo vya pamba. Wasichana wa shule yao nasikia wanamcheka. Watoto hawana adabu siku hizi.

Jioni nimezilowanisha za Baronne. Zinaanza kutii.

5 Oktoba

Baba mkubwa amepiga simu. Mguu umepona, anaweza kuja kwa pikipiki ya motari wakati wowote. Nikamjibu barabara ina matope, na ndizi za pombe hazijaiva. Akasema, "Sawa, Raphaël. Wewe njo uko hapo."

9 Oktoba

Nimeamua. Zitasukwa. Lakini ili zisukike lazima kwanza zipungue, na hazikatwi kwa mkasi, zinang'olewa chache chache, chache chache, mpaka shingo iwe na ukingo mwembamba.

10 Oktoba

Nimeng'oa. Baronne amenipiga teke.

12 Oktoba, Jumapili

Kwa hasira nimetumia mkasi, na sasa karibu na mabega kuna pengo, kama limeng'atwa na panya. Nimelitazama kwa aibu kubwa. Sikwenda misa. Emérita aliniuliza nina ugonjwa gani, nikasema tumbo.

15 Oktoba

Papa Magloire ameliona pengo. Hakucheka. Alisema zitaota, kisha akauliza habari za shemeji yangu. Nikasema yuko. Akasema, "Najua iko. Ninaonaka moshi yake."

18 Oktoba

Natacha tena. "Mama anauliza siku." Nikamwambia ndizi.

Nimekaa sasa na kalamu na sitaki kuandika, lakini nitaandika, maana hakuna anayesoma hapa. Ndizi ziliiva. Tunayo pombe ya kutosha nyumba tatu. Siku matanga yanapoondolewa, ukoo unakaa na kutamka vitu vya marehemu viende kwa nani. Ng'ombe wanajulikana. Shamba linajulikana. Na Baronne, kila mtu mzima mezani atasema, ni wa Kanyange na mtoto wake, na itakuwa haki. Nami nitarudi kuwa mtu wa miguu. Nataka kwenda Mushaki mara moja tu kama mwenye farasi. Kaka yangu alipita barabara ile kwa maisha yake yote juu ya farasi, nami nikimfuata nyuma na bidon ya maziwa.

Baada ya foire nitanyoa. Wiki ileile.

Nimesoma tena nilichoandika. Nilitaka kuuchana ukurasa huu.

25 Oktoba

Nimejaribu kusuka. Vidole vyangu ni vya kushika kamba ya ng'ombe. Kifundo cha kwanza kilifunguka kabla sijaanza cha pili, na Baronne akatikisa shingo kufukuza nzi, kazi yote ikaisha. Nikamwomba Emérita. Alikuwa anapepeta maharage.

"Kwenye hii kilima, mwenye anajua kusuka ni Natacha," akasema. "Lakini yeye huwezi kumuuliza."

"Juu ya nini?"

Akaniangalia, kisha akaendelea kupepeta. Nadhani ni kwa sababu ya mitihani ya shule.

Watu wameanza kusema sema, Emérita ananiambia. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

2 Novemba, Jumapili, Marehemu Wote

Padri alisoma majina ya waliokufa mwaka huu. Alipofika kwa Karangwa nikasikia mtu amevuta pumzi nyuma kabisa, kwenye benchi la karibu na mlango. Ni Kanyange. Hukaa pale siku hizi, amejifunika kitambaa hadi kwenye nyusi. Kwaya iliimba bila yeye, na wimbo wa pili, aliokuwa akiuanzisha yeye, ulianza chini mno hata wanawake wakacheka kidogo wenyewe.

Mlangoni padri alinishika mkono, hakuuachia.

"Raphaël. Kwa nyumba ya kaka yako ni lini?"

"Baada ya foire, padri."

"Baada ya foire," akasema, akaenda kusalimia wengine.

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Mbona basi nilitembea njia nzima masikio yakiwaka?

6 Novemba

Nywele zilizofundishwa zinahitaji mafuta ili zing'ae. Mafuta ya dukani yanavuta vumbi. Siagi ya ng'ombe ndiyo bora, na hapa anayejua kuitengeneza isinuke ni Kanyange. Nikamtuma mtu kumwomba kidogo. Ameleta Natacha chungu kizima.

10 Novemba

Nimemuuliza Natacha. Nitaeleza ilivyokuwa.

Alikuja kuchukua chungu kitupu. Baronne alikuwa amefungwa kwenye uzio, mvua imekatika, jua limetoka. Nikamwonyesha ile picha kwenye simu. Nikasema, "Mutoto yangu, wewe uko na mikono muzuri. Hii unaweza?"

Aliitazama picha muda mrefu. Akasema, "Ni ndogo ndogo." Akasema tena, "Naweza, papa mudogo."

Akapanda kwenye jiwe ili afike. Sijawahi kuona vidole kama vile. Alitumia ncha ya kidole kidogo kugawanya, akasuka kuanzia nyuma ya masikio, akakunja, akafunga kwa uzi mweusi, akaenda kwenye kingine. Farasi anayenipiga teke mimi alisimama macho nusu wazi, mdomo wa chini umelegea. Karibu na mabega, pale penye pengo langu, akazichukua nywele za pembeni akazivuta juu yake, na pengo likapotea. Nilikuwa na furaha hata nikawa naongea ovyo. Nikamwambia Mushaki hawajaona kitu kama hiki. Nikamwambia baba yake angefurahi.

Hapo vidole vilisimama. Halafu vikaendelea.

Alipomaliza alishuka kwenye jiwe, akajifuta siagi mikononi kwa majani, akasema, "Siku ya foire nitakuja asubuhi nirudilie, juu hii itafunguka." Nikampa asante. Akapeleka mkono kichwani, akaingiza kidole chini ya kitambaa chake na kujikuna, kwa nguvu, kama mtu anayewashwa tangu zamani, akaona ninamtazama, akaacha.

Nimeandika haya yote na kuna kitu kinanisumbua ndani yake.

11 Novemba

Sikulala vizuri.

14 Novemba

Emérita amesema. Ninamjua mke wangu, akikasirika hapazi sauti, anapunguza. Alikuwa anachuja maziwa na hakuniangalia.

"Ile siagi ulipaka farasi, unajua ilikuwa ya nini?"

Sikujua.

"Mama Natacha aliitengeneza mwezi wa nane. Ilikuwa ya kupaka vichwa yabo siku ya kunyoa. Ulituma muntu, akasema shemeji anaomba siagi. Mama Natacha akawaza siku imefika. Akakutumia yote."

Nikakaa kwenye ngazi ya jiko.

"Na mutoto," akasema. "Ule mutoto hana ruhusa ya kusukwa. Wenzake wanamwita kichaka. Na wewe ukamupandisha juu ya jiwe asuke munyama."

Tangu Septemba nimeona nywele za farasi asubuhi na jioni, na nimeziandika. Kichwa cha mjane wa kaka yangu kiko juu ya kilima hichohicho, kinaningoja mimi na si mtu mwingine, na nimekiona kama mtu anavyoona jiwe la njiani. Nimerudi kusoma siku ya tarehe 14 Septemba, maneno ya Magloire. Alikuwa ananiambia mimi, na nikaenda kuchukua kitana.

17 Novemba

Bado naweza kurekebisha. Baba mkubwa apigiwe simu leo, aje kesho, Alhamisi tunanyoa. Lakini ukoo ukikaa Alhamisi, Jumamosi Baronne si wangu.

20 Novemba

Nimepanda hadi kwenye uzio wa Kanyange. Mlango ulikuwa wazi, moto unawaka, nikasikia wanaongea. Nimerudi.

22 Novemba

Nimeona aibu leo ambayo sitaki hata adui yangu aione, na niliisuka mwenyewe.

Natacha alikuja alfajiri kama alivyoahidi. Vifundo vyote akavifungua, akavisuka upya, imara zaidi. Nilikuwa nimekusudia kumwambia abaki nyumbani. Badala yake nikamwambia tuende, awe na brosi karibu kama kifundo kikilegea. Nilihitaji mikono yake, ukweli ndio huo.

Mushaki palikuwa pamejaa. Ng'ombe, mbuzi, jibini kwenye meza, watoto kila mahali, na ukungu umepanda juu ukatuachia jua. Farasi tulikuwa wachache. Mmoja wa kutoka Lushebere alikuwa amefungwa riboni za plastiki mpaka mkiani, mwingine amekatwa kama brosi, safi sana. Nilipoingia na Baronne, watu walianza kupiga makofi. Nakiri nilisahau kila kitu. Niliingia nimenyoosha mgongo kama bwana harusi.

Anayehukumu alikuwa daktari wa mifugo aliyetoka Goma, mwanamke mpole, Joséphine-Marie. Alipita kwa kila farasi, akainua kwato, akatazama meno. Kwa Baronne alisimama. Alipitisha kidole juu ya vifundo kimoja kimoja hadi mabegani, akageuka.

"Hii kazi ni ya nani?"

Mimi nikasema, "Ni ya binti yangu. Wa kaka yangu." Nikasema kwa kiburi, kabla ya kufikiri.

"Aje tumuone."

Aliyekuwa na mikrofoni ni Jean-Luc, mwalimu mchangamfu ambaye huitwa kwenye kila sherehe. Akamtangaza. Natacha hakusogea, watu wakamsukuma kwa upole, akajikuta mbele. Daktari akamnyooshea mkono kumpongeza. Natacha aliirudisha mikono yake nyuma ya mgongo. Daktari akabaki na mkono hewani, hajui kosa lake. Na mtoto, kwa kuwa alirudi nyuma haraka, kitambaa kikateleza.

Sijui kama Jean-Luc ni mtu mbaya. Nadhani alitaka tu kuchekesha. Alisema kwenye mikrofoni, "Mademoiselle, unasuka farasi mpaka inapendeza, na kichwa yako unaiacha vile?"

Uwanja mzima ukacheka. Natacha alikuwa anajaribu kufunga kitambaa na vidole vyake, vile vile vidole, vikawa havijui kufunga fundo.

Kisha nikasikia sauti ya Papa Magloire. Hakuwa na mikrofoni na hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Ule mutoto iko mu matanga ya baba yake. Bado hawajamunyoa. Anangojea papa yake mudogo."

"Papa mudogo yake njo nani?" mtu akauliza.

Nilikuwa pale katikati, nimeshika hatamu ya farasi wa marehemu aliyesukwa vizuri kuliko wote. Kicheko kilikatika, kwanza kwa wazee, halafu kwa wanawake, halafu watoto wakaona na wao wakanyamaza. Nilisikia maziwa yakimiminwa kwenye bidon mahali fulani. Wanaume niliokua nao walitazama chini, kama mtu anavyotazama chini akikuta mwenzake uchi. Nilitaka mmoja anitukane. Hakuna aliyenitukana.

Na kilichokuwa kibaya zaidi ni kwamba walinipa zawadi. Daktari alikuwa ameshaandika. Jean-Luc alitamka jina langu haraka haraka bila utani, na nikatembea kwenda mezani, nikapokea tandiko. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja aliweka mkono mabegani mwa Natacha, si mwangu, akamtoa uwanjani.

Njiani kurudi mvua ilitushika. Natacha alitembea mbele. Kwenye mteremko nilisimama, nikaanza kufungua vifundo kwa kucha, kimoja baada ya kingine, nikiwa sioni vizuri. Uzi ulikuwa umelowa, haukukubali. Natacha alirudi hatua chache akanitazama.

"Acha, papa mudogo," akasema. "Imekwisha kushinda."

Tandiko nimelitupa kwenye ghala. Emérita hakuuliza tulikuwa wa ngapi.

23 Novemba, Jumapili

Hapana. Leo siwezi kupanda kwa Kanyange.

24 Novemba

Leo niliupita uzio.

Kanyange alikuwa anasafisha vyombo vya maziwa nje, ameinama. Hakuinuka. Nikasema, "Mama Natacha, nimekuja juu ya siku."

"Siku gani?"

"Ya matanga. Samedi, tarehe 29, kama unakubali. Baba mukubwa nimekwisha kumuita."

"Ah," akasema. Akasuuza chombo, akakipindua kwenye jani la mgomba. "Samedi ni muzuri."

Ningeondoka hapo ningekuwa salama. Lakini nilikuwa nimejiapia. Nikamwambia yote: ndizi, mguu, na kwamba nilimtaka Baronne mpaka foire ipite. Nikamwambia Baronne ni wake, nitamleta leo jioni. Nilisema nimeona haya. Alisikiliza hadi mwisho, mikono ndani ya maji.

"Papa Trésor," akasema, "farasi najua ni yangu. Bwana yangu aliniambia mbele ya kufa. Ungeniomba, ningekupatia uende nayo. Ningekuwa nimekwisha kunyolewa, ningekuja kukuangalia na mimi."

Nikakitazama kile chombo kwenye jani la mgomba.

"Wembe niko nayo mu nyumba," akasema. "Ningejinyoa mwenyewe kama ingekuwa nywele tu. Nilikuwa nangojea muntu wa nyumba ya bwana yangu akumbuke kama niko hapa. Wakati ulikuwa nao. Uliupatia farasi."

Hakusema kwa hasira. La kuvunda halina ubani, na sikuwa na ubani wowote. Nikasema nisamehe. Akasema, "Samedi mapema, juu ya mvua." Nilishuka kilima nikiwa nimeshika uzio kama mgonjwa.

27 Novemba

Emérita anatengeneza siagi nyingine. Mikono yake imechoka, nikaomba nimsaidie kutikisa kibuyu. Akanipa. Nimekitikisa mpaka mabega yakauma, na bado deni ni lilelile.

29 Novemba

Baba mkubwa alifika na motari, matope hadi magotini. Hatukuwa wengi: ukoo, Papa Magloire, akina mama wa kwaya. Mvua ilipiga mabati hata ikabidi tuseme kwa sauti.

Kabla ya kushika wembe nilisimama mbele yao. Nilisema niliiacha nyumba ya kaka yangu gizani kwa kupenda sifa, na mtoto wake nikamtia aibu mbele ya watu, na ninaomba radhi kwa Mama Natacha na kwa Natacha. Sauti yangu ilikuwa inapotea kwenye mvua, ikabidi nirudie maneno yaleyale mara ya pili, kwa nguvu. Baba mkubwa alimgeukia Kanyange.

"Tumesikia," akasema Kanyange.

Wote walingoja kama ataongeza. Hakuongeza.

Akaondoa kitambaa. Nilidhani ninamjua shemeji yangu. Tumekaa kilima kimoja tangu aolewe. Nywele zilikuwa nyeupe mbele yote, mahali pa paji la uso. Zimegeuka mwaka huu, chini ya kitambaa, bila mtu kuona. Nilinyoa polepole. Aliinamisha kichwa ili kunisaidia. Natacha alipokaa, alifumba macho, na nywele zilipoanguka mabegani akatabasamu peke yake, kisha akajishika kichwa kwa mikono yote miwili kuhakikisha.

Wakapakwa siagi. Akina mama wa kwaya wakaanza wimbo chini mno, kama kawaida yao, na Kanyange akawakatiza, akauanza upya mahali pake.

1 Desemba

Mvua imepungua. Maharage ya Magloire yanachanua.

Asubuhi Kanyange aliteremka na bidon yake hadi barabarani kwa mara ya kwanza tangu Aprili, kichwa wazi, kinang'aa. Nilikuwa kule na maziwa yetu, nangoja motari za Mushaki pamoja na wengine. Watu walimkimbilia. Kila mmoja alimpa mkono, wengine mikono yote miwili, wakamshika kwa muda mrefu wakiuliza habari, naye akicheka na kujibu, akimshika huyu, akimshika yule, wauza maziwa, wenye motari, watoto wa shule, Papa Magloire aliyevua kofia. Nami nilijipanga nyuma yao kama mtu mwingine yeyote, nikangoja zamu yangu, mkono nimeufuta kwenye suruali.

Zamu yangu ikafika. Nikanyoosha mkono. Kanyange alikunja ngumi, akanipa kifundo cha mkono, kama tunavyofanya mtu akiwa na mkono uliolowa au mchafu.

"Iko na maziwa, shemeji," akasema kwa upole.

Nikamshika kifundo cha mkono, nikamsalimia, akapita kwenda kwa aliyekuwa nyuma yangu. Mkono wake ulikuwa mkavu.